Fundi Aliye Kando: Karakana za Sanaa na Masomo ya Vijana wa Bunia

Mjini Bunia kijana anaweza kufundishwa kwa njia mbili katika siku moja. Asubuhi yuko darasani, amebanana na wenzake kwenye dawati, ananakili kutoka ubaoni sentensi za Kifaransa ambazo nusu yake hazielewi. Mchana yuko kwa mshonaji, seremala au mchora mabango wa kata yake, anapiga pasi suruali ambayo hakuishona au anapiga msasa mlango ambao hakuuchonga. Wazazi wengi huiita ile ya kwanza masomo. Ya pili huionea huruma: ni kimbilio la mtoto aliyeangushwa na mtihani wa serikali, au njia ya kumweka mbali na barabara. Hukumu hiyo ina haraka.

Suala la karakana za sanaa limeingia Ituri, jimbo la Bunia mashariki mwa Kongo, kwa mlango wa nyuma, kupitia miradi ya misaada. Tangu vita vilivyowagonganisha Wahema na Walendu kati ya 1999 na 2003, na tena tangu mashambulizi yaliporejea Djugu mwishoni mwa 2017, mashirika yameleta rangi, karatasi, ngoma na cherehani kwa vijana wa mjini na wa kambi za wakimbizi wa ndani kama Kigonze. Tangu Mei 2021 jimbo linatawaliwa na wanajeshi, na miradi haijakoma. Kwa hiyo kuuliza kijana hujifunza nini mahali pa kuchora, kushona na kuchonga si anasa ya watu wa makumbusho. Je, kipo anachokipata humo asichokipata kwingine? Na kama kipo, hutoka wapi: kwenye rangi, kwa mwalimu, au kwenye chumba chenyewe?

Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba hutoka kwa mtu mzima anayefanya kazi yake mwenyewe, kazi ya kweli yenye mteja anayeisubiri, huku kijana akiwa karibu kiasi cha kuona mikono yake. Mtu huyo akiondolewa, kinachobaki ni vifaa.

Ushahidi bora ninaoujua haukutoka kwa wachoraji. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia wa Kimarekani Jean Lave alikaa na washonaji wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia, akichunguza jinsi wanafunzi wao wanavyopata ufundi bila mtu kusimama mbele na kuwahutubia. Aligundua kwamba somo linakwenda kinyume na kazi. Nguo huanza kwa kukatwa kitambaa, ikashonwa, ikamalizikia kwenye pindo, vifungo na pasi. Mwanafunzi huanzia mwisho: pasi na vifungo kwanza, kisha kushona, na kukata kukaja baadaye kabisa. Mpangilio huo una akili yake. Pindo likipinda hufumuliwa na kushonwa upya, lakini kitambaa kikikatwa vibaya kimepotea, pamoja na fedha za mteja. Zaidi ya hayo, anayeanza kwa kupiga pasi suruali iliyokwisha ameishika ikiwa nzima kabla hajaombwa kutengeneza kipande chake chochote. Anajua mfuko unaelekea wapi kabla hajajua kuushona. Tena huanza na vitu vidogo, kofia na nguo za ndani za watoto, ndipo apande hadi suti. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger walichapisha kitabu kilichofanya mifano ya aina hii ijulikane duniani kote, na hoja yao kuu ni kwamba kujifunza ni kuingia kidogokidogo katika kazi ya watu, kutoka pembeni kuelekea katikati.

Yeyote aliyewahi kupeleka kitenge kwa mshonaji wa Bunia amekutana na utaratibu huo. Yule binti anayetia vifungo kwenye kiti cha pembeni hajawekwa pale kwa bahati mbaya, ingawa fundi mwenyewe akiulizwa kwa nini hampi mkasi anaweza kujibu tu kwamba bado.

Linganisha na darasa. Kule mtoto huanza na kanuni, na matumizi yataonekana baadaye, pengine katika darasa ambalo wazazi hawatakuwa na fedha za kumfikisha. Serikali ilitangaza elimu ya msingi kuwa ya bure kuanzia Septemba 2019, lakini sekondari inalipiwa. Kwa hiyo watoto wengi wa Ituri hutoka shuleni wakiwa na mianzo ya mambo mengi na mwisho wa jambo lolote hawajauona.

Kuna pia suala la kosa. Darasani kosa huandikwa kwa wino mwekundu, daftari likafungwa, na mwenye daftari akaona haya peke yake. Kwenye karakana kosa liko hadharani na lina bei. Mchora mabango akigeuza herufi N kwenye ukuta wa duka la dawa, mtaa mzima utaisoma mpaka rangi ichakae. Ndiyo maana mwanafunzi wa mabango hujaza rangi kwa miezi mingi ndani ya herufi ambazo mwalimu wake amezichora kwa penseli. Kazi hiyo inachosha, na ina mafunzo ambayo hakuna anayeyataja: nafasi kati ya herufi, uzito wa rangi nyeusi juu ya njano, jinsi jicho la mpita njia juu ya pikipiki linavyosoma kwa nukta chache tu. Chéri Samba, mchoraji wa Kongo ambaye kazi zake zinatundikwa leo katika makumbusho makubwa ya Ulaya, alipitia huko. Alifika Kinshasa mwaka 1972, akafanya kazi kwa wachora mabango, na mwaka 1975 akafungua karakana yake. Maneno yanayojaa kwenye picha zake, Kifaransa, Lingala na Kikongo, ni urithi wa mabango. Chuo cha sanaa kilikuwepo Kinshasa tayari, kilianzishwa na watawa wa Kikatoliki mwaka 1943 huko Gombe-Matadi na baadaye kikahamia mji mkuu. Samba hakukipitia.

Lugha nayo inahusika. Mwalimu wa sekondari Bunia hufundisha kwa Kifaransa. Fundi hufundisha kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa kukohoa, kwa kunyoosha kidole, kwa kumnyang'anya mwanafunzi randa na kumwonyesha tena. Kijana ambaye imla imemuweka mkiani mwa darasa anaweza kuwa ndiye mwenye jicho kali kuliko wote la kuona kwamba mguu mmoja wa meza ni mfupi. Sisemi kwamba Kifaransa hakifai. Nasema vipimo viwili vinapima watu wawili tofauti ndani ya mwili mmoja, na mji unaotumia kipimo kimoja tu unajinyima mafundi.

Ituri haikusubiri mradi wowote ili iwe na karakana. Waokebo, wanaoishi kaskazini miongoni mwa Waalur, walijulikana kwa uhunzi kwa vizazi vingi. Lakini mfano unaonivutia zaidi uko msituni, upande wa Mambasa. Kwa Wambuti, wenyeji wa msitu huo, kitambaa cha gome ni kazi ya mikono ya jinsia mbili. Mwanamume huchuna gome la ndani la mti, mara nyingi wa jamii ya mkuyu, hulilowesha na kuligonga kwa nyundo ya mti au ya pembe ya ndovu mpaka lilainike na kutanuka. Mwanamke hulipokea na kulichora kwa kidole au kijiti, kwa wino mweusi wa maji ya tunda la gardenia uliochanganywa na makaa. Mistari hukatika ghafla, nyavu zinaanza upande mmoja na kuachwa, sehemu tupu inabaki tupu. Watafiti walioandika kuhusu vitambaa hivi wameulinganisha mchoro huo na muziki wa Wambuti wa sauti nyingi, ambamo kila mwimbaji anaingia na kutoka bila kiongozi. Kuanzia miaka ya 1980 vilianza kuonyeshwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, vikitundikwa ukutani kama picha.

Kwa suala letu, cha muhimu ni mahali vinapochorwa. Hakuna chumba. Kuna uwanja mbele ya kibanda, wanawake wameketi, kitambaa kipo miguuni, mazungumzo yanaendelea, watoto wanapita. Wasichana wanakua wakiona mstari unapozaliwa. Hakuna siku ambayo wanaambiwa kwamba sasa somo limeanza. Kama tungepeleka huko mtaalamu wa ramani za majengo ya shule, angesema mazingira hayafai.

Hata hivyo si kila karakana iliyobuniwa kwa makusudi imeshindwa, na historia ya eneo letu inayo majaribio matatu yanayostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kila moja lilikosea mahali pake.

La kwanza ni la Lubumbashi, wakati huo Élisabethville. Katikati ya miaka ya 1940 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa afisa wa majini, alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hakufundisha kwa kunakili mifano ya Ulaya. Aliwatoa vijana nje kutazama wanyama, majani na samaki, kisha akawaachia nafasi. Matokeo yake ni kwamba ndani ya chumba kimoja ilizaliwa mikono isiyofanana: Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake waliozungukwa na nukta, Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga aliyejenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba. Hilo ni jambo kubwa, na mwalimu yeyote wa sanaa angejivunia. Lakini mlezi ndiye aliyekuwa mlango pekee wa soko, na yeye ndiye aliyeamua Uafrika wa kweli unafananaje. Alipofariki mwaka 1954 karakana haikuweza kusimama yenyewe. Wachoraji wake walihamia chuo cha sanaa kilichoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951.

La pili lilikuwa Kampala. Margaret Trowell, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, alianza mwaka 1937 kuwafundisha Waafrika wachache kwenye baraza ya nyumba yake, na kutoka baraza hiyo ilikua shule ya sanaa ya Makerere. Mbinu yake ilikuwa kusimulia: anatoa kisa kwa maneno, wanafunzi wanafumba macho na kukiona, kisha wanakichora. Waliopita hapo ni pamoja na Sam Ntiro wa Kilimanjaro, ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika London kama balozi, na Elimo Njau, aliyechora kuta za kanisa la Murang'a na kisha kuasisi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi katika miaka ya 1960. Trowell naye alihofia sana wanafunzi wake wasiharibiwe na picha za Ulaya. Hofu hiyo ina heshima ndani yake, na ina dharau pia, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amezisoma zote.

La tatu halikuwa na mlezi wa kigeni kabisa. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam, Oysterbay, kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya mbao nyembamba za dari. Alikusanya ndugu na jamaa wachache, akiwemo Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata, wakajifunza kwa kukaa naye. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, mafunzo yakiwa yamedumu miaka michache tu. Na bado karakana haikufa, kwa sababu haikumtegemea mtu mmoja kwa soko wala kwa vifaa; kila aliyekaa pale alijua rangi inanunuliwa wapi na mteja anasimama wapi. Mwaka 1990 warithi waliunda ushirika. Wakosoaji husema Tingatinga imekuwa nakala ya nakala, chui yuleyule kwa miaka hamsini. Kuna ukweli humo. Ila kati ya majaribio haya matatu, hili ndilo lililolisha familia nyingi zaidi bila ufadhili, na mtu wa Bunia anayepanga karakana hana haki ya kulidharau.

Hapa lazima niwaudhi kidogo marafiki wa sanaa. Mara nyingi tunasikia kwamba sanaa huongeza akili, kwamba mtoto anayechora atafaulu hesabu. Mwaka 2000 watafiti Ellen Winner na Lois Hetland walipitia tafiti nyingi za aina hiyo, na uthibitisho walioupata ulikuwa mwembamba: michezo ya kuigiza darasani husaidia ujuzi wa lugha, muziki una uhusiano fulani na uwezo wa kufikiri kuhusu maumbo, lakini madai mapana kuhusu alama za shuleni hayakusimama. Hawakuishia hapo. Waliingia kwenye madarasa ya sanaa ya sekondari karibu na Boston wakatazama kinachofundishwa humo hasa, na mwaka 2007 wakaandika kwamba ni tabia za akili: kuvumilia kazi ndefu, kutazama kwa makini, kuwaza kisichoonekana bado, kueleza na kukosoa kazi yako na ya jirani. Hizo ni faida za kutosha. Hazihitaji kuazima heshima kutoka hesabu.

Kwa Ituri uvumilivu wa kazi ndefu si jambo dogo. Kijana wa hapa anashindana na dhahabu. Mongbwalu, mji wa machimbo, hauko mbali, na hadithi ya mtu aliyeokota gramu kadhaa kwa wiki moja hufika Bunia haraka kuliko hadithi ya seremala aliyejifunza miaka mitatu. Anayekaa kwenye benchi la randa amekwisha kukataa kitu.

Na wapo waliofika kwenye benchi hilo wakitoka mstari wa mbele. Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kiongozi wa wanamgambo Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 hapa Ituri. Desemba 2017 iliweka fidia yake kuwa dola milioni 10. Kabla na baada ya hukumu hiyo, njia ya kawaida ya kuwarudisha vijana hao imekuwa ileile: mafunzo ya miezi michache, kisha sanduku la vifaa. Cherehani kwa mmoja, msumeno na patasi kwa mwingine. Si siri kwamba vingi huishia sokoni. Kijana aliyepewa mkasi kabla hajapita kwenye vifungo na pindo hana imani ya mteja, na cherehani isiyo na mteja huliwa na kodi ya nyumba.

Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Uganda, jambo karibu na hilo lilipimwa. Kuanzia mwaka 2008 serikali iliwapa vikundi vya vijana fedha, wastani wa dola 382 kwa kila mtu, wachague wenyewe ufundi na mahali pa kujifunzia. Wengi walichagua ushonaji, useremala na uchomeleaji. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu ya wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa wale ambao hawakupewa walikuwa wamewafikia. Wapo wanaosoma matokeo hayo kama kushindwa. Mimi nayasoma hivi: fedha ziliharakisha jambo ambalo vijana wa kule, wakipewa amani na muda, walikuwa wakilifikia wenyewe kupitia mafundi wa mtaani. Bunia haijapewa amani wala muda, kwa hiyo kuharakisha kuna thamani.

Aina nyingine ya mradi hunitia shaka zaidi. Watoto hukusanywa kwa siku tatu, hupewa rangi na kuambiwa wachore amani. Wanachora njiwa, mikono inayoshikana, bendera. Wafadhili hupiga picha. Sikatai kwamba siku tatu za rangi ni raha kwa mtoto wa kambi, na raha inatosha kuwa sababu. Ila tusiite elimu. Mtoto amepewa jibu kabla ya swali, na mtu mzima aliyesimama kando yake hachori.

Mji wa Reggio Emilia, Italia, ulitoka vitani na maamuzi mengine. Mwaka 1945 wanakijiji wa Villa Cella waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani, wakaanza kujenga shule ya watoto. Mwalimu Loris Malaguzzi alijiunga nao, na shule zilizokua baadaye katika mji huo ziliweka karakana ndani ya jengo, pamoja na msanii anayefanya kazi humo kila siku. Karibu zaidi nasi, Goma, kituo cha Yolé!Africa cha mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo kimekuwa kikiwafundisha vijana filamu na muziki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na waliojifunza jana huwafundisha wa leo. Vita vimepita juu ya Goma zaidi ya mara moja katika muda huo.

Bunia ina jambo lake la pekee. Mwaka 2003, kabla jeshi la Ulaya halijaingia Juni, mji huu uligawanyika kwa kabila, kata kwa kata, na watu walikimbilia walikojua jina la ukoo wao halitawaua. Mgawanyiko ule haujafutika wote kwenye ramani ya nani anaishi wapi, na shule za mtaa hufuata mtaa. Karakana hufuata soko. Mteja hachagui suruali kwa kabila, na fundi mwenye kazi nyingi huchukua mikono iliyopo. Hiyo haimaanishi kwamba cherehani hupatanisha watu. Mafundi nao walishika mapanga. Lakini vijana wawili wanaosubiriana kutumia randa moja wana sababu ya kuongea ambayo hakuna semina iliyowapa.

Uzuri huu usifiche uchafu wake. Wapo mafundi wanaomweka kijana miaka miwili akichota maji na kubeba mtoto, bila kumgusisha kazi. Wapo wanaodai ada kwa mzazi na bado wanauza kazi ya mtoto. Wasichana husukumwa kwenye cherehani na wavulana kwenye mbao, hata pale vipaji vinapokataa. Fundi anapojua mtindo mmoja tu wa kiti, wanafunzi wake wote hutoka na kiti hicho. Na cheti hakuna: kijana aliyejifunza miaka minne kwa fundi wa mtaa hana karatasi ya kuonyesha kwa mwajiri, ingawa serikali ina INPP, taasisi ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa mwaka 1964, ambayo ingeweza kuwapima watu kama hao kwa siku moja ya kazi ya mikono na kuwapa uthibitisho.

Gharama iliyobaki ni ya muda wa fundi. Bajeti za miradi zina mstari wa rangi, wa fulana zenye nembo, wa usafiri, wa mpiga picha. Fundi huwekewa posho ya siku za mafunzo, kana kwamba kazi yake huanza na kuisha siku hizo. Kodi ya kibanda chake kwa miaka miwili, pamoja na fidia ya mbao na vitambaa vitakavyoharibiwa na wanaojifunza, ingegharimu kidogo kuliko semina nyingi za hotelini, na ingemwacha aendelee kuuza. Mbao za Bunia hutoka msituni kwa barabara ya Komanda, RN27, na kila shambulio njiani huzipandisha bei. Seremala anayemwacha mtoto akate ubao huo vibaya ili ajifunze anapoteza fedha taslimu, na kwa sasa anayelipa ni yeye mwenyewe, au mama wa mtoto.